Mama Punguza na moto anaoombea uwe mdogo

Saa nane na dakika tano mchana, Mama Punguza anavua viatu vizito vya kiwandani, anavisukuma chini ya meza na kuvaa ndala alizozileta kwenye mfuko wa plastiki. Ndipo anapoinua macho kutazama ukuta ulio mbele yake. Ukutani kuna mishale ishirini na minane ya vipimo. Yeye anautafuta mmoja kwanza.

Ni mshale wa tangi la gesi, na unasoma arobaini na nne kwa mia. Anaguna kama mtu aliyefunua sufuria na kukuta chakula kinatosha, kisha anavuta kiti.

"Hapo pazuri," anasema. "Pana nafasi ya kupumua."

Mwenzake wa meza ya umeme, mwanamume mwenye kitambi na utani mwingi, anamjibu bila kugeuka. "Leo ukipumua vibaya, mama, sote tunahama humu ndani."

Ni utani, lakini si utani mtupu. Leo ni siku ya tisini. Ikifika saa kumi na mbili jioni, mhandisi wa nishati wa kiwanda hiki cha chuma ataingia na karatasi yenye tarakimu moja. Ikiwa chini ya nne, meza hii itabaki. Ikiwa nne au zaidi, wagawaji gesi wote saba wanaopokezana hapa, akiwemo Mama Punguza mwenye miaka kumi na tisa kazini, wataipisha kompyuta.

Ili tarakimu hiyo ieleweke, inabidi kwanza kujua gesi yenyewe inatoka wapi.

Chuma huyeyushwa katika tanuri kuu, jitu refu kama jengo la ghorofa kumi na mbili, linalolishwa mawe ya chuma na makaa bila kupumzika. Tanuri hilo likipumua hutoa gesi. Haina rangi, haina harufu, na ni sumu. Mtu akiivuta kwa dakika chache haamki tena, ndiyo maana kila anayepita karibu na mabomba hubeba kifuani kifaa kidogo cha kupiga kelele. Lakini gesi hiyo inawaka, na kiwandani kinachowaka hakitupwi.

Basi hukusanywa, husafishwa vumbi na kugawiwa. Sehemu huenda kwenye majiko yanayopasha hewa ya tanuri kuu lenyewe. Sehemu huenda kwenye boila zinazotoa mvuke wa kuzalishia umeme. Sehemu nyingine huenda karakana ya rola, ambako kuna tanuri la kupashia mapande ya chuma mpaka yawe mekundu, halafu mapande hayo hupitishwa katikati ya magurudumu mazito na kutoka yakiwa nondo.

Inayobaki hukaa ndani ya tangi ambalo mfuniko wake hupanda na kushuka kwa kadiri ya gesi iliyomo. Tangi likijaa, ziada hupelekwa juu ya bomba refu na kuchomwa hewani. Moto huo wafanyakazi wanauita mwenge, na tarakimu ya leo ni hesabu yake: katika kila mia ya gesi iliyotoka, ngapi zimeteketea bure?

Mji unaupenda mwenge. Wenye maduka kwenye barabara ya kiwandani wakiuona umechachamaa huambiana kwamba kazi inakwenda, na wafanyakazi jioni watakuja kununua. Mama Punguza akiwasikia huharakisha hatua.

"Ule moto ni kazi iliyonishinda," anasema. "Fundi cherehani akiharibu nguo anajua yeye na mteja wake. Mimi nikiharibu, mji mzima unaona, tena unanishangilia."

Jina la Mama Punguza alipewa na karakana ya rola, kwa sababu ndilo neno wanalolisikia zaidi kutoka kwake kwenye simu. Karakana hiyo nayo ina mtu wake, fundi mkuu wa tanuri la kupashia, ambaye kiwanda kizima kinamwita Ongeza. Sababu msomaji ameshaibuni.

Ambalo huenda hajalibuni ni kwamba Punguza na Ongeza ni mke na mume.

Wameoana miaka ishirini na miwili. Wana watoto watatu, na wanaishi na mama yake Ongeza katika nyumba za wafanyakazi, zile za kuta za njano zilizo kwenye mwinuko nyuma ya kiwanda. Kazini wako zamu moja, lakini kati yao kuna nusu kilomita ya mabomba na simu moja nyeusi. Kwenye simu hiyo hawaitani mume wala mke. Yeye ni "Dawati," mumewe ni "Tanuri."

"Asubuhi ananipigia pasi shati," anasema Ongeza, "mchana ananinyima gesi. Na shati ni lile lile."

Kwa Mama Punguza, kugawa hakukuanzia kiwandani. Kwao walizaliwa tisa, yeye wa pili, na mama yao alikuwa akirudi jioni amechoka mno kushika upawa. Upawa ukawa wake. Alijifunza mapema kwamba mwenye kulia sana si lazima awe mwenye njaa sana, na kwamba anayesukuma sahani yake mbele kabla chungu hakijaepuliwa anataka kuangaliwa kwa jicho la pili.

Kiwandani aliingia kama msoma geji, akitembea na daftari chini ya mabomba kwenye jua na kwenye mvua. Baada ya miaka sita mgawaji mmoja alistaafu, na msimamizi wa wakati huo akamwita. Alimuuliza swali moja tu: watu watatu wakitaka gesi na iliyopo ni ya wawili, utafanya nini?

"Nikamwambia nitawauliza wote watatu mara ya pili. Akacheka, akasema kesho njoo ukae."

Alikaa, lakini mara ya pili haikuchukua muda kusahaulika. Kiwanda kilikuwa na mazoea yake, na mazoea yana taabu.

Gesi huombwa kwa maelfu ya mita za ujazo kwa saa, lakini hakuna mwenye subira ya kutamka yote hayo. Mtu husema "nipe kumi na nane" na inaeleweka. Sasa, karakana ya rola ikihitaji kumi na nane iliomba ishirini na tatu, kwa kuwa ilijua Dawati litakata. Dawati lilikata, kwa kuwa lilijua karakana imezidisha. Boila nao wakafanya hivyo hivyo. Hata wapishi wa kantini, ambao jiko lao linatumia mvuke wa boila, walijifunza kuomba zaidi.

"Ilikuwa kama sokoni," anasema Ongeza. "Muuzaji anapandisha bei kwa sababu anajua utashusha. Wewe unashusha kwa sababu unajua amepandisha. Mnauziana, mnaagana vizuri, lakini hakuna aliyesema kweli hata mmoja."

Sokoni tabia hiyo haina madhara. Kwenye gesi ina mabaki. Mama Punguza alikuwa akimtengea mumewe ishirini, mumewe anatumia kumi na saba, na tatu zinabaki hazina mwenyewe. Isitoshe, kwa hofu ya kuishiwa siku ambayo wote wangetaka kwa pamoja, alikuwa akilijaza tangi hadi tisini kwa mia na kulala usingizi mnono. Kisha tanuri kuu likipumua kwa nguvu, gesi mpya inakuta mlango umefungwa. Inapanda juu ya bomba, inateketea.

"Wahenga walisema akiba haiozi," anasema. "Wahenga hawakukaa dawati hili. Hapa akiba ndiyo inayooza kuliko vyote."

Kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa ameliona jambo hilo bila geji wala karatasi, na hakuna aliyemsikiliza. Ni mama yake Ongeza. Dirisha la jiko lao linatazama bomba la mwenge moja kwa moja, na bibi huyo hufanya shughuli zake zote pale, kuanzia kuosha vyombo hadi kuwachungulia majirani. Kila moto ulipokuwa mkubwa, mkwewe na mwanawe walipoingia mlangoni aliwapokea kwa maneno yale yale: "Leo mmegombana tena."

Wakakana. Akashikilia. Wakamwona anajisemea tu.

"Nami nilikuwa namcheka," anasema Mama Punguza. "Kumbe mama alikuwa sahihi kuliko mishale yangu yote. Siku tuliyovutana kwenye simu ndiyo siku gesi inapobaki."

Ajali ilitokea mwaka jana, katika wiki za mvua.

Usiku uliotangulia walikuwa mezani baada ya kula, na Mama Punguza alimsihi mumewe aache kuzidisha. Alimweleza habari ya tangi na ya mwenge. Ongeza alisikiliza, akakuna kidevu, akasema: "Sawa. Kesho nitataja ninachokihitaji, basi." Mama Punguza aliitikia huku akikusanya sahani. Mumewe pia alikuwa ameahidi kutengeneza bomba la bafuni, na lilikuwa likivuja kwa mwezi wa nne sasa. Ahadi hii akaiweka kapu moja na ile.

Asubuhi, saa nne, simu nyeusi ikalia. "Dawati, nipe kumi na nane."

Akampa kumi na tano.

"Sikufikiri," anasema. Anaitazama simu anapolisema hili. "Mkono ulikwenda wenyewe. Nilisikia kumi na nane, nikakata tatu. Ningeambiwa kumi ningekata tatu."

Baada ya dakika ishirini Tanuri likapiga tena. "Dawati, nimesema kumi na nane."

"Tanuri, punguza."

Upande wa pili Ongeza aliweka simu chini na hasira zikampanda. Alikuwa amesema kweli kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, na kweli yake imekatwa kama uongo wa jana. Aliona mkewe anamkomoa. Msimamizi wa zamu alikuwa mgongoni mwake akitaka nondo, na yeye, badala ya kuyazuia mapande mpaka yaive, akayaachia. Anakiri kosa hilo bila kuulizwa.

"Yalikuwa mekundu nje, baridi ndani. Nilijua. Nilisema acha liwe, waone wenyewe."

Gurudumu la tatu lilipasuka. Nondo iliyokuwa ikipita ikakosa njia, ikaruka juu, ikajikunja hewani kama uzi na kuanguka hatua nne kutoka aliposimama. Ilimwunguza mkono wa shati. Yeye mwenyewe haikumgusa.

Simu ilipolia dawatini, Mama Punguza aliipokea na kusikia sauti isiyo ya mumewe ikisema kutoka kwenye simu ya mumewe.

"Nilikaa chini," anasema. "Nilikuwa nimekaa tayari, lakini najua nilichokisema. Nilikaa chini."

Mpaka leo hajui yule mtu alisema maneno gani ya mwanzo. Alisikia tu "mzima," na alimwomba alirudie neno hilo mara tatu.

Karakana ilisimama siku mbili. Mwezi huo wafanyakazi mia moja na arobaini wa zamu hiyo walikosa posho yao ya uzalishaji, na kwa wengi posho hiyo ni karo. Wengine walimsalimia Mama Punguza njiani kama kawaida, wengine walitazama pembeni. Hawalaumu.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Kwa wiki mbili mume na mke hawakusemezana. Wakitoka kazini, Ongeza alitangulia na mkewe akafuata hatua hamsini nyuma, kama watu waliokutana njiani kwa bahati. Mezani bibi ndiye aliyekuwa simu. "Mwambie mwanao chumvi iko mbele yake." "Mwambie mkweo nimeiona." Siku ya kumi na nne bibi akagoma. Alisema yeye ni mzazi, si waya, na kama wanataka kuambizana jambo midomo wanayo.

"Tulicheka sote wawili kwa wakati mmoja," anasema Mama Punguza. "Halafu mimi nikalia. Nilimwambia, uliniambia kweli nikaikata. Akaniambia, nilikuzoesha mimi."

Maneno hayo hayo waliyapeleka mbele ya kikao cha uchunguzi, kila mmoja kwa zamu yake, na hakuna aliyemtupia mwenzake mzigo. Mhandisi wa nishati, mwanamke mpole asiyependa kelele, aliwasikiliza na kutoa pendekezo lake: iletwe kompyuta itakayoipa kila idara fungu lake bila simu wala maombi. Mashine haina mume, alisema, na baadhi ya waliokuwepo wakacheka.

Mama Punguza hakucheka. Alisimama.

"Kompyuta mtaiambia nini?" aliuliza. "Mtaipa tarakimu zetu hizi hizi. Sote tumezoea kudanganya. Basi itaugawa uongo wetu kwa haki."

Akaomba siku tisini za kuwarudisha watu kwenye kweli. Wakampa, kwa masharti mawili. Gesi inayochomwa, ambayo wakati huo ilikuwa tisa katika kila mia, ishuke chini ya nne kwa hesabu ya siku zote tisini. Na boila zisizimike hata mara moja kwa kukosa gesi, kwa sababu tangi likishuka chini ya kumi kwa mia boila hujizima zenyewe na nusu ya kiwanda hukosa umeme.

Chombo chake cha kazi kilikuwa ubao mweusi.

Aliutundika kantini, karibu na birika kubwa la chai, mahali ambapo hakuna anayeweza kupita bila kuuona. Una safu tatu: idara iliomba ngapi, Dawati lilitoa ngapi, idara ilitumia ngapi. Na kila alipokata, ilimpasa aandike sababu kwa chaki, kwa mkono wake.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya aibu tupu. Karakana ya rola iliomba ishirini na tatu ikatumia kumi na saba. Siku hiyo mpishi alimwuliza Ongeza mbele ya watu, "Mzee, leo unaomba sahani ngapi, na utakula ngapi?" Ongeza alirudisha trei. Siku mbili hakuonekana kantini.

Mkewe naye hakupona. Siku ya tano, kwenye sehemu ya sababu, aliandika neno moja: mazoea. Liliachwa ubaoni wiki nzima, na watu wa boila wakawa wanamsalimia nalo.

"Hujambo, Mazoea?"

"Sijambo, mwizi wa mvuke."

Polepole tarakimu zikaanza kusogeleana. Kumi na tisa, kumi na nane, kumi na nane. Mama Punguza akaacha kulijaza tangi. Sasa hulishika karibu na nusu, na kila wakati huacha nafasi ya gesi ambayo bado haijafika. Anasema hilo ndilo lililomchukua muda mrefu zaidi kujifunza, kuliko hata kuamini watu.

Kabla ya zamu ya leo kuanza, hesabu ya siku themanini na tisa ilikuwa tatu nukta tisa. Alasiri moja mbaya ingetosha kuwapeleka kwenye nne.

Saa tisa na dakika arobaini, tanuri kuu linapiga simu kwanza. Wanapunguza upepo ili kubadilisha pua moja ya kupulizia hewa. Kwa muda wa kama dakika arobaini gesi itakuwa kidogo. Mama Punguza anaandika, anapunguza boila hadi mwisho wa kupunguzika, anautazama mshale. Thelathini na moja.

Simu haijapoa inalia tena.

"Dawati, Tanuri hapa. Mapande yaliyoletwa leo yamelala kwenye mvua. Yamelowa na yana baridi ya kaburini. Nipe ishirini na sita, dakika arobaini, halafu nakurudishia."

Ishirini na sita. Haijawahi kutolewa tangu ubao utundikwe. Mwenzake wa umeme ameacha kutafuna.

Mama Punguza anautazama tena mshale. "Tanuri," anasema, "hiyo ishirini na sita ni ya ubaoni au ya sokoni?"

"Ya ubaoni."

"Chukua."

Anaweka simu chini, na mikono yake anaikalia, kushoto na kulia, chini ya mapaja. Mwandishi anamwuliza kwa nini. "Ina tabia zake," anasema.

Mshale unaanza kushuka. Ishirini na saba. Ishirini na tatu. Mwenzake wa umeme anasimama na kuja nyuma ya kiti, na kwa mara ya kwanza alasiri hii hana utani. Kumi na tisa.

"Mpigie tu umkumbushe," anamwambia.

"Nikimpigia nitakuwa nimemwambia simwamini."

"Kumi ikifika taa zinazimika, mama."

"Naijua kumi."

Kumi na sita. Kumi na nne. Kupitia dirishani mfuniko wa tangi unaonekana umeshuka mno, na ngazi za ubavuni ambazo kwa kawaida zimefichika zimebaki wazi na kutu yake. Kumi na tatu. Mama Punguza midomo inacheza lakini hasikiki. Baadaye atasema alikuwa akihesabu dakika, si kuomba, kisha atajirekebisha na kusema alikuwa akifanya yote mawili.

Dakika ya thelathini na nne, mshale ukiwa kwenye kumi na mbili, simu inalia.

"Dawati. Yameiva. Narudisha nane."

"Nimepokea."

"Asante."

Katika miaka yote ya simu ile nyeusi, anasema, neno hilo hajapata kulisikia kutoka karakana ya rola. Anaitoa mikono chini ya mapaja na kuinyoosha.

Baada ya robo saa tanuri kuu linarudi kwenye pumzi yake kamili, na gesi inakuja kwa wingi. Zamani hapo ndipo mwenge ungelipuka juu na wenye maduka wakafurahi. Leo gesi inakuta tangi karibu tupu, na inaingia yote. Mfuniko unapanda taratibu, ngazi zenye kutu zinafichika moja moja, na juu ya bomba unabaki ule ulimi mdogo wa kuwashia ambao hauzimwi kamwe.

Saa kumi na mbili kamili mhandisi anaingia na karatasi yake. Haisomi. Anaiweka mezani mbele ya Mama Punguza, juu ya kikombe cha chai kilichopoa.

Tatu nukta nane.

"Kompyuta itakuja," anasema mhandisi, "lakini itakaa pembeni yako. Kazi yake ni kusoma ubao."

Mwenzake wa umeme anapiga meza kofi moja kubwa na kwenda kuwapigia simu wagawaji wengine sita. Mama Punguza anasoma karatasi mara ya pili, kama alivyomwahidi yule msimamizi wa zamani. Anasema kuanzia mwezi ujao atautoa ubao wa chaki na kuomba mwingine wenye mistari ya rangi isiyofutika. Anataka pia kuwafundisha wasoma geji, wale wanaotembea chini ya mabomba kwenye mvua, ili siku atakapostaafu kiti hiki kisikaliwe na mtu asiyejua kuuliza mara ya pili.

Saa kumi na mbili na robo simu yake ya mkononi inatetemeka ndani ya droo. Ni mama mkwe. Sauti yake inasikika chumba kizima.

"Mwanangu, huko kuna usalama? Naosha vyombo hapa, nachungulia, moto siuoni!"

"Upo, mama. Mdogo tu."

"Mdogo kwa nini? Kazi imekufa? Mwanangu mzima?"

"Mzima, mama. Kazi iko."

Yaonekana bibi anachungulia tena.

"Basi mmepatana," anasema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa jambo ambalo hakutegemea kulisikia akiwa hai.

Mama Punguza anageuza uso kuelekea ukutani, kwenye mishale yake. "Tumepatana, mama. Chai ya usiku utuwekee kwenye chupa moja. Zamu ikiisha tunarudi pamoja."

Anairudisha simu kwenye droo na kufuta macho kwa mgongo wa mkono. Akiulizwa sasa anatamani nini, anasema hana makubwa. Anatamani mama mkwe ampigie kila jioni, amlalamikie kwamba haoni moto.